Chumvi ya Ng'ambo ya Barabara

Mkumbara,
12 Machi 1995

Mdogo wangu mpendwa Richard,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba sana. Mama naye anaitikia, kisha anauliza kama huko Uholanzi watu hawali, maana kwenye picha uliyotuma shingo imekuwa nyembamba na koti ndilo lililokuvaa wewe. Sisi hatujambo. Masika bado hayajaanza, lakini mahindi tumeshapanda kwa imani tu. Wanangu wanasoma, na yule mdogo anajigamba shuleni kwamba mjomba wake anatengeneza gari linalokunywa umeme.

Barua yako nimemsomea mama mara tatu. Alitaka kujua kama kweli gari hilo halina moshi kabisa, nikamwambia ndivyo ulivyoandika. Akauliza kama linanguruma, nikamwambia umesema linapita kimya hata paka aliyelala hashtuki. Kisha akauliza kama linakwenda kasi. Nikamwambia umejisifu kwamba magari ya wenzako yameshindwa kulifikia. Basi aliinuka, akaenda kupepeta mahindi ambayo alishayapepeta tangu asubuhi.

Hujaiona barabara yetu tangu mwaka tisini, hivyo ngoja nikueleze. Wakati wako magari tuliyajua moja moja: lori la mkonge, basi la Tanga, Landrova ya misheni. Tulianika mahindi pembeni ya lami na hakuna aliyetukanyagia. Siku hizi biashara ni ruksa, na kila mwenye uwezo kidogo ana gari la mtumba kutoka Japani. Mabasi yanashindana nani atangulie kufika mjini Moshi, na pikapu za nyanya zinawahi soko la Dar. Moshi wa magari upo, sikatai. Watoto wanakohoa, na nguo nyeupe tunazianua zimeshika masizi. Lakini kuna jambo jingine. Barabara imetugawa kama mto uliofurika. Unamkumbuka Bibi Rehani wa ng'ambo, ambaye mama hakuwa akimaliza siku bila kwenda kuazima kinu kwake hata kama hana cha kutwanga? Sasa wanapungiana mikono, kila mtu mlangoni kwake. Mwaka mzima mama hajaingia nyumba ile, na ni hatua arobaini tu. Gari lako litatuondolea masizi, Mungu akubariki. Sidhani kama litamvusha mama.

Sasa nije kwenye yale uliyoandika mwishoni. Umesema mwezi wa sita utakabidhi kitabu chako kwa walimu, na kwamba ukurasa wa mbele utaandika ni kwa kumbukumbu ya baba yetu, Mzee Simeo, aliyeuawa na moshi wa malori. Ukaomba nikutumie picha yake. Nimeitoa kwenye fremu mara mbili, nikairudisha. Siwezi kukuacha uchapishe uongo, na uongo wenyewe ni wangu.

Baba hakufa kwa kifua. Kukohoa alikohoa, unakumbuka mwenyewe, miaka yote ile ya gereji ya shamba la mkonge, lakini kifua hakikumuua. Aligongwa na gari hapa mbele ya nyumba, tarehe ileile niliyokuandikia. Ilikuwa mchana. Ugali uko motoni, mboga iko tayari, chumvi hakuna, na watoto wako shule. Nikamtuma baba. Tumefundishwa kwamba mtoto hamtumi mzazi wake, nami nilimtuma. Nilimwomba kwa upole anivukie dukani kwa Mbaruku. Akacheka, akasema leo yeye ndiye mtoto wa nyumba, akachukua kofia yake. Kwenda alivuka salama. Kurudi, pikapu ya nyanya ikampata. Dereva alipiga honi, akashika breki, lakini gari la mwendo ule halisimami. Kijana wa watu hakukimbia. Alikaa chini pale kwenye lami akalia kuliko sisi. Baba hakufa kwa moshi, mdogo wangu. Alikufa kwa mwendo, na kwa chumvi yangu.

Wazee waliamua usiambiwe ukweli mpaka umalize mitihani, usije ukaacha masomo ukarudi. Nikaandika kifua kwa sababu ndicho ulichokijua. Mitihani ikaisha, wakaniambia sasa mwandikie. Nikasema mwezi ujao, kisha nikasema mwakani. Mkono wangu ndio uliokataa kuandika neno chumvi. Mama hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Nisamehe, Richard. Sikujua ungelichukua neno moja la barua yangu ukalijengea gari.

Usiiache kazi yako. Moshi nao unaua, ila taratibu, na kifua cha baba kiliteseka vya kutosha. Lakini waulize walimu wako gari hilo lina haraka ya nini. Ukiweza kulifundisha lipite hapa kama mtu mwenye adabu apitavyo mbele ya nyumba za watu, mama atalipigia vigelegele. Ukurasa wa mbele andika jina la baba, na uandike ukweli, hata kama utalazimika kunitaja mimi. Picha nimeitia humu ndani.

Mama anakusalimu sana, na watoto pia. Bibi Rehani naye anakusalimu, kwa mkono, kutoka ng'ambo. Ukija likizo, basi la Dar litakushusha upande wa duka la Mbaruku. Tafadhali usivuke. Kaa kwenye benchi lake, upige mbinja kama zamani, na mimi nitaisikia popote nilipo. Nitakuja kukushika mkono nikuvushe mwenyewe, hata uwe na shahada ngapi.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda,
Edna Simeo