Kitambaa cha Chatu

Jumanne, Sumbawanga

Na bado ananiuliza kwa nini nimenuna njia nzima!

Leo nilimpeleka huyu mtafiti wa nyoka kijijini kwetu, nje ya Matai, mimi nikiwa mkalimani wake. Tulikuta chatu mdogo ameingia uani kwa shangazi. Kwetu chatu akija ni mgeni wa heshima, hafukuzwi wala hapigwi. Shangazi alikuwa amemtandikia kitambaa cheupe na kumnyunyizia unga wa ulezi, naye amejikunja pale, ametulia.

Nilimweleza mtafiti yote hayo, polepole. Akaitikia kwa kichwa, akapiga picha. Nilipogeuka tu kuwaamkia wazee, akamnasa kwa koleo lake na kumdunga sindano ya kumuua. Anasema kibali anacho. Kibali cha nani? Wazee waliinuka mmoja mmoja wakaenda zao. Afadhali wangemtukana. Krismasi sijui nitaingiaje kijijini mimi.

Chatu hajapoa vizuri kwenye ndoo ya spiriti, jamaa ananiambia nimwombe shangazi na kile kitambaa, kikaonyeshwe makumbusho huko kwao.

Nikamwomba. Shangazi hakumtazama mtafiti hata kidogo. Akajibu kwa Kifipa, "Mwambie achukue. Hiyo sasa ni sanda. Akamzike."

Nilimtafsiria neno kwa neno, sikupunguza kitu. Akatabasamu, akasema asante sana, halafu akauliza kama anaweza kupata na unga kidogo.