Muziki wa Masikio Mawili

Shika Adabu, Likoni
12 Juni 1960

Kwa kaka yangu mpenzi Badawi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Aden. Sisi hatujambo, alhamdulillahi, ila miguu ya mavyaa wangu, Bi Mwanatatu, imeanza kuvimba. Tu wawili tu humu ndani tangu mume wangu Mwidani alipofariki. Watu wa matanga wamekwenda zao, nami nimekaa eda.

Mzigo wako umefika. Redio naijua, lakini hivi visikizio! Nilivivaa kichwani baada ya alasiri, nikatafuta idhaa ya Mvita. Kaka, muziki haukutoka redioni. Ulianzia katikati ya kichwa changu. Nilisikia ukucha wa mpiga udi ukikwaruza uzi. Nilimsikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya ubeti, karibu kama mtu anayetaka kuninong'oneza. Na Bi Mwanatatu alipita mlangoni asisikie hata chembe. Wajua mwenyewe watu wangesema nini, mjane wa eda akisikiliza tarabu.

Mungu akuzidishie.

Mdogo wako,
Zubeida


Aden
3 Julai 1960

Mdogo wangu Zubeida,

Marahaba. Mimi mzima, joto tu ndilo linalotutesa. Msalimie Bi Mwanatatu, mwambie miguu aiweke juu ya mto.

Nimefurahi kuwa umepata cha kukuliwaza. Lakini sikiliza neno la fundi: usizibe masikio yote mawili. Hata hapa karakanani, tunapotengeneza simu za upepo, zile zisizo na waya, za meli, sikio moja huachwa wazi. Juzi mwenzangu aliziba yote mawili. Waya ukaanza kuungua nyuma yake, nikamwita, nikamwita tena, naye anatikisa kichwa kwa raha zake. Aligeuka shati lilipokwisha shika moto. Mgongo wote umebabuka.

Sikio moja, Zubeida.

Kaka yako,
Badawi


Shika Adabu
24 Julai 1960

Kaka yangu,

Shikamoo. U hali gani? Mimi sijambo.

Nimejaribu ulivyosema, haiwi. Sikio moja likiimba, la pili linasikia kuku, watoto wa jirani, na Bi Mwanatatu akiburuta ndara. Nikiziba yote mawili, nyumba nzima huondoka. Sikufichi: tangu Mwidani aanguke melini pale Kilindini, kila nikinyamaza nasikia kile kishindo, ingawa sikuwapo. Ndani ya muziki hakimo. Basi nimeanza kuvivaa asubuhi pia.

Jana nilifumbua macho nikamkuta Bi Mwanatatu amesimama juu yangu, midomo inacheza, sauti hakuna. Nikavua upesi. Wali ulikuwa umeungua, moshi umejaa mpaka ukumbini.

"Nimekuita mpaka koo limenikauka," akasema. "Ni nini hicho kichwani?"

Nikamwambia ni dawa ya kichwa, ya umeme, umeniletea wewe.

Akanitazama sana. "Dawa gani hii inayomfanya mtu kama maiti?"

Tangu hapo hupita mlangoni kwangu mara kwa mara, anachungulia, anakwenda.

Mdogo wako,
Zubeida


Aden
14 Agosti 1960

Zubeida,

Salaam. Leo sina maneno mengi. Mwambie Bi Mwanatatu ukweli, kisha vifunge hivyo vitu sandukuni mpaka eda ikwishe. Nimesoma barua yako nikakosa raha. Nijibu haraka.

Kaka yako,
Badawi


Aden
20 Septemba 1960

Mdogo wangu mpenzi,

Sijapata jibu. U mgonjwa? Baharia mmoja wa Likoni ameniambia alipita kwenu akaona watu wamejaa barazani. Hakujua kuna nini. Kama kuna jambo, niambie. Eda ikisha, rudi nyumbani Kisauni, wazee wanakungoja.

Kaka yako,
Badawi


Shika Adabu
9 Oktoba 1960

Kaka yangu Badawi,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili. Nisamehe kwa kimya.

Ilikuwa kabla barua yako ya Agosti haijafika. Nilikuwa nimelala chali mkekani, macho nimefumba, nasikiliza, nalia. Wimbo ulipokwisha nikavua. Nyumba kimya. Bi Mwanatatu alikuwa chini kizingitini mwa chumba changu, mdomo umepinda, mkono mmoja ameunyosha kwangu. Nikatoka nje kichwa wazi, eda na yote, nikampigia kelele jirani yetu Mastura.

Daktari akasema ni kiharusi. Upande mmoja ulikufa, na ulimi ukafunga. Shemeji yangu Mbwana, ndugu yake Mwidani, akaja kutoka Chaani.

"Ulikuwa wapi?"

"Chumbani."

"Mtu anaanguka mlangoni pako, wewe husikii?"

Nikasema nilikuwa usingizini.

Nikawa namlisha uji kwa kijiko, naye ananitazama tu. Ulimi ukaanza kulegea kidogo kidogo. Nilimwombea apone, wallahi, na dua hiyo hiyo nikiomba asiseme.

Alhamisi iliyopita akasema. Mbwana alikuwapo.

"Zubeida."

Nikasogea.

"Kumbe u hai," akasema.

Mbwana akamwuliza ana maana gani. Neno moja moja, akamweleza. Alichungulia akaniona nimelala, machozi yananitoka, ananiita siitiki. Akadhani ile dawa imeniua, au nimeitumia makusudi nimfuate mwanawe. Alikuwa anakimbilia kuniokoa, kaka. Hakuwa akijiombea msaada mwenyewe.

Nikamwambia Mbwana kila kitu, nikamletea vile visikizio na redio. Hakunipigia kelele. Alivivaa, akasikiliza kidogo, akavivua. "Kwa ajili ya nyimbo," akasema. Akaondoka navyo. Sasa akija hasemi nami ila kwa kupitia mtu.

Eda imekwisha, lakini Kisauni siji. Waambie wazee wasiningoje. Bi Mwanatatu hanilaumu hata kidogo, na afadhali angenilaumu. Nikinyamaza tu, nikiwa nasali au nafua, huanza kuniita kwa hofu, usiku na mchana, na hanyamazi mpaka anisikie. Ameniita sasa hivi. Nimemwitikia abee, hakuridhika, nikaenda kumshika mkono. Ndiyo maana wino umepakaa hapa.

Mdogo wako,
Zubeida