Bahasha Ndogo ya Baba

3 Machi

Kwako Kifutio, binti yangu,

Salamu nyingi sana. U hali gani huko, na baridi mmeshazoeana au bado inakukimbiza? Mimi mzima, isipokuwa koo. Linakwaruza kama mashine ya kuchapia gazeti kiwandani ikikosa mafuta, na hii ni wiki ya tano. Mafundi wenzangu wananiita Jogoo Mzee. Nawaacha, nitawafanya nini?

Ndani ya bahasha kubwa nimekuwekea ukurasa wa chemshabongo ya Jumapili, na ndani yake hii bahasha ndogo yenye barua. Naamini hukuifungua kabla ya kujaza visanduku vyote na kupata neno la siri, maana sheria ni sheria. Ulikuwa na miaka saba nilipokuwekea: hakuna kuongea na baba mpaka visanduku vyenye nukta vitoe neno lao. Siku ya kwanza ulilia hadi mama yako akatutolea macho wote wawili. Leo una miaka thelathini na moja, unafua mashuka ya hospitali katika nchi ya watu, na hujaivunja hata mara moja.

Haya, mara moja. Wiki ile ya DARAJA. Ulinirudishia ukurasa msafi, haujafutwa hata herufi, wewe ambaye ulikuwa ukimaliza raba mbili kwa mwezi! Nilijua, nikanyamaza.

Neno la wiki hii ni MSUMARI. Mimi lilinichukua saa nzima, na usimwambie mtu.

Ni mimi baba yako.


24 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Mikono tu ndiyo imekauka kwa maji ya moto, lakini nikipaka mafuta inarudi kuwa mikono ya mtu.

MSUMARI nimeupata kwa dakika arobaini! Jogoo Mzee kashindwa na kifaranga. Ila hilo koo, baba, wiki tano si mchezo. Nakujua wewe, utakunywa asali na tangawizi hadi nyuki wahame. Nenda kwa daktari. Nakuomba.

Sasa nina swali, na sitalizungusha. Miaka sita tunaandikiana habari za misumari na madaraja. Siku niliyoondoka hukuja stesheni. Najua mama alikuwa na miezi minne tu kaburini, najua ulisema nikiondoka wakati ule nimekuacha peke yako na kuta. Ulikasirika, na haki ulikuwa nayo. Lakini nilidhani utakuja tu. Nilishika mlango wa behewa usifungwe hadi mkaguzi akanifokea mbele za watu. Hukuja, na tangu siku hiyo hujasema neno. Kwa nini, baba? Ukinijibu vibaya nitavumilia. Kutojua ndiko kunakonitafuna.

Mwanao,
Kifutio


14 Aprili

Kifutio mwanangu,

Salamu sana. Kama unasoma hapa basi umemaliza, na kwa jinsi fumbo la wiki hii lilivyo rahisi, najua umelimaliza kabla chai haijapoa. Ndiyo maana nimeona habari hii niiweke humu humu.

Nilikwenda kwa daktari. Umefurahi? Kuna uvimbe kwenye koromeo, na ni ule mbaya. Watanipasua tarehe 20 Mei na kulitoa koromeo lote. Daktari mwenyewe kijana, lakini ana adabu, alivuta kiti akakaa ndipo akaniambia: "Mzee, utaishi. Ila hutasema tena." Nitakuwa napumua kwa tundu hapa shingoni. Nilimuuliza, "Hata kidogo?" Akasema hata kidogo.

Swali lako nimelisoma mpaka karatasi imelegea. Jibu ninalo, ila sitaliandika. Miaka thelathini na nane napanga herufi za maneno ya watu, kadi za harusi zao, matangazo ya misiba yao. Hili ni langu, na nataka litoke kinywani mwangu, wewe ukiwa umekaa mbele yangu. Njoo, mama. Njoo kabla ya tarehe 20. Hata siku moja inatosha. Sauti imebaki nusu, naibana. Kiwandani siku hizi naonyesha kwa vidole, naiweka kwa ajili yako.

Telegramu sikutaka, mtu akiletewa telegramu anaanza kulia kabla hajaisoma. Simu iko mezani kwa meneja, na mafundi kumi wanasikiliza. Barua yetu inatosha. Chemshabongo nyingine sikutumii, maana utakuja tuijaze pamoja. Usinijibu kwa karatasi, wewe panda treni.

Neno la siri ni SABUNI. Wewe mtu wa kufua, usije ukaniambia limekushinda!

Baba yako anayekusubiri.


12 Mei

Baba,

Shikamoo! Hujambo? Koo limepoa? Mbona kimya, wala chemshabongo mpya haijaja? Umechoka na mimi au posta wamelala?

Sasa cheka utakavyo: fumbo la tarehe 14 Aprili limenishinda. Lilifika tarehe 27, leo ni wiki mbili na ushei. Bahasha yako ndogo iko juu ya rafu, karibu na kioo, kila nikichana nywele inanitazama. Neno la siri lina herufi sita na zote ninazo: U, V, N, A, I, B. Nimezipindua, nimezikata kwa mkasi nikazipanga kitandani, hakuna neno. Hiyo V ni mzigo.

Namba 17 mlalo, "Unacho siku zote, hujakiona hata siku moja", inaanza na KI, nami nimeandika KIVULI. Kwa kalamu ya wino, maana nina uhakika. Wima ya 9 na ya 12 zinaikataa, lakini nadhani wapanga herufi wenzako ndio waliokosea, usinune.

Mwenzangu wa kwenye pasi ananicheka. Anasema barua ni barua, ifungue usome. Nikamwambia wewe humjui baba yangu. Nikidanganya ataona tu.

Walinipa likizo ya wiki mbili, inaisha leo. Nilifikiria kuja huko, nikasema ngoja hadi mwisho wa mwaka tukae vizuri. Kwa hiyo nimelala, nimepaka chumba rangi, nimekaa na fumbo lako. Na nikwambie ukweli? Huenda jibu la swali langu limo humo ndani, na pengine ndiyo sababu sina haraka sana. Naogopa, baba. Kulifungua lazima nitalifungua, lakini kwa haki, kama ulivyonifundisha. Usinitumie jibu!

Mwanao mbishi,
Kifutio


22 Mei

Baba. Baba yangu.

Leo asubuhi mwenzangu aliinama mbele yangu kuokota foronya, nikamwona kwa nyuma, nywele zake na shingo. Kisogo. Nilipiga kelele ya furaha mpaka msimamizi akaja. Saa ya chakula nikakimbia hadi chumbani, nikaikwangua V kwa wembe, nikaandika S, na neno likajitokeza. Nikachana bahasha yako huku nacheka. Nilikuwa nacheka, baba.

Leo ni tarehe 22.

Sabuni! Nashika sabuni kutwa nzima, naivuta puani, naioga, karibu naila. Wiki tatu na nusu ulikuwa juu ya rafu unaniita, nami nachana nywele. Na likizo nilikuwa nayo. Nilikuwa nayo mkononi nikaitumia kupaka ukuta rangi.

Nimepiga simu kiwandani. Meneja amesema umeshapasuliwa, uko wodini, unaendelea vizuri. Nikamwambia tafadhali waambie wampe baba simu niongee naye. Nikasikia mashine tu nyuma yake, hadi nikaelewa nilichokisema.

Nipige, nitukane, fanya utakavyo. Ila niandikie. Sijui niombe nini kingine.

Mwanao


11 Juni

Mwanangu,

Salamu kutoka wodi namba tatu, kitanda cha dirishani. Naendelea vizuri. Nyuzi wametoa, uji nameza. Naandika kwenye daftari la wagonjwa, maana siku hizi hata maji naomba kwa kalamu.

Sitakuficha, nilikasirika. Tarehe 17 nilikutandikia kitanda. Tarehe 18 nilikaa stesheni kutoka treni ya kwanza hadi ya mwisho. Tarehe 19 asubuhi nikaenda tena, mchana walikuwa wananihitaji hospitali. Kila behewa likifunguliwa nasimama, watu wanashuka, wanaisha, nakaa. Nikasema aha, kumbe ndivyo ulivyosimama wewe siku ile. Nikasema amenilipa, na amenilipa kwa haki.

Barua yako ya tarehe 12, ile ya kucheka, nililetewa hapa kitandani. Nilipofika kwenye KIVULI hasira yote ikaniishia, ikaja nyingine mbaya zaidi. Ile sheria niliitunga mimi. Mtu mzima na akili zake, anaumwa, anamwita mwanawe, halafu anaficha wito nyuma ya fumbo la gazeti! Na nilifurahi nilipoibandika ile bahasha. Nilifikiri utafungua ukiwa umeshinda, moyo mweupe. Kivuli unakiona kila jua likiwaka, bongo lala wee. Lakini kosa si lako. Nimelipima huku na huku, si lako.

Sasa ile sababu uliyoniuliza nakuandikia, maana sababu ni habari tu. Siku ile nilikuja. Nilisimama nyuma ya dirisha la tiketi. Nilikuona umeushika mlango, nilimsikia yule mkaguzi, nilitaka kumvunja meno. Miguu haikutoka. Nilikuwa nimeapa mbele yako kwamba sitakuja, na nikaona kutokea pale ni kushindwa. Nilimpenda mama yako, nikakuadhibu wewe kwa kufa kwake. Treni ikang'oka nikiwa bado nabishana na nafsi yangu.

Hiyo ndiyo sababu. Lakini ombi lenyewe la msamaha ni jambo jingine, na nisikilize. Asubuhi ya tarehe 20 alikuja nesi kunivalisha gauni. Sijui hata jina lake, rika lako. Nikamwambia, binti, kaa hapo, kwa dakika moja uwe mwanangu. Akadhani dawa imenipanda. Akakaa. Nikayasema yote, kwa sauti iliyobaki, pole pole, kama nilivyojizoeza mwezi mzima jikoni. Akalia. Akanishika mkono akaniambia, "Nimekusamehe, baba." Kisha wakaja na kitanda cha magurudumu.

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kuyasema. Aliyeyasikia si wewe. Usiniombe niyaandike, nimejaribu mara nne kwenye daftari hili, yanatoka kama tangazo la kiwandani. Nimechana kurasa zote.

Baba yako


27 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama posta, bado ina alama za vidole vya watu wa foleni maana iliniponyoka wakaniokotea.

Namwonea wivu nesi huyo. Mungu anisamehe, amekufanyia wema ambao sitaweza kumlipa, na bado namwonea wivu. Yeye anajua sauti yako ilivyopanda na iliposhuka. Najaribu kuikumbuka sauti yako na napata vipande tu: ukiita jina langu uwani, ukikohoa kabla ya kucheka. Ukiomba msamaha sijui ilikuwaje. Sitajua kamwe, na nitazeeka sijui.

Lakini alichokujibu ni changu, alikisema badala yangu tu. Nimekusamehe. Nilikusamehe kabla treni haijafika kituo cha pili, nikangoja miaka sita uniulize ndipo niseme, kwa kiburi. Kiburi hicho nimekichukua kwako, sikukinunua huku.

Nimeomba ruhusa kazini, wamekataa. Nimeacha kazi. Usinigombeze, imekwisha. Nitafika tarehe 30 Julai, treni ya mchana. Usije stesheni, daktari hatakubali na mimi sitaki usimame tena pale. Nitakuja mwenyewe hadi nyumbani, njia naijua.

Sitakuomba useme kitu. Nitakaa tu mbele yako.

Mwanao


10 Julai

Mwanangu,

Salamu. Nimeruhusiwa, niko nyumbani tangu Jumatatu. Nala, nalala, shingo nimeifunga kitambaa cheupe, usishtuke ukiona. Jirani ananisaidia maji. Kitanda chako sikukitandua.

Njoo. Nimefurahi na nimelia, vyote kwa zamu.

Jambo moja nakuandikia mapema, lisije kukuumiza. Juzi jirani alikuja, akabisha hodi mara tatu, akaondoka. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, hatua tano kutoka mlangoni. Nilimsikia vizuri. Nilifungua kinywa kumkaribisha, kama nilivyofanya maisha yangu yote, na hakikutoka kitu. Nilipofika mlangoni alikuwa ameshakunja kona.

Basi wewe ukifika, utabisha hodi. Nitakuwa nimekusikia. Nitakuwa nimekukaribisha pia, kwa nguvu zangu zote, na huko nje hutasikia lolote. Usisimame hapo ukadhani nimekasirika tena. Usirudi stesheni. Sukuma mlango, uingie.

Baba yako