Kijiwe cha Jules

Jumanne

Na kwa nini alinigeuzia mgongo?

Jules ni fundi, na ni mdogo wa mume wa dada yangu. Mwezi uliopita alinifungia pedi mpya za breki. Sasa kila nikikanyaga breki, tairi la mbele kushoto linapiga mluzi. Leo nimeteremka kutoka kwangu Morningside, huku mlimani, hadi gereji kwake, afungue nikiona.

Alipotoa tairi, nilisogeza kidole kwenye diski ya breki, nikakirudisha haraka. Ilikuwa inaunguza. Nikamuuliza kama pedi zile zilikuwa mpya kweli. Akainama, akanigeuzia mgongo, kisha akaniwekea kijiwe kiganjani.

“Shemeji, breki iko muzuri! Ulibeba abiria bila nauli.”

Mafundi wote wakacheka. Nikacheka nao, mjinga mimi.

Gari limerudi kimya, nakiri. Lakini kurudi ni kupanda mlima, breki sikuzigusa sana. Na kijiwe kilichotoka kwenye diski ile ya moto kilikuwa baridi.

Kesho nampeleka dada kliniki, mimba yake ina miezi minane. Nimemwandikia kwamba tutakwenda kwa teksi. Nimesema gari halina petroli.