Nisaidie Kumkatalia Chura

Ghorofa ya pili, nyumba ya nyuma,
Jumatatu asubuhi, 9 Juni.

Mpendwa kaka yangu,

Salamu nyingi. Mgongo wako umepoa, au bado unabeba magunia kwa ubishi? Wifi hajambo? Nilitaka kuandika kwamba nasi huku hatujambo, kalamu ikagoma. Kwenye simu ningekudanganya.

Kaa chini kwanza. Binti yako yu hai, anakula, na sasa hivi amenuna chumbani.

Unajua kazi yangu kwenye besiboli: nafundisha wadakaji, wale watoto wanaochutama nyuma ya mpigaji, kinyago cha waya usoni, ili waupokee mpira. Kuchutama huko ndiko kulikompa mwanao jina la Chura. Somo la kwanza ni kutofumba macho wala kugeuza shingo, maana anayegeuka hupigwa pasipo na kinga. Hilo silijutii.

Ninalojutia ni la pili. Niliwafundisha kwamba mpira ukiwapiga, wagonge kinyago mara mbili kwa vidole, yaani niko sawa, tuendelee. Nilichoka kukimbilia kila kilio. Wakaanza kushindana nani atagonga upesi, nami nikawapigia makofi, mjinga mimi.

Juzi Jumamosi mpira uliparuza gongo la mpigaji ukamtandika Chura usoni. Akagonga mara mbili. Nikamwacha, akadaka hadi mwisho. Baadaye nilimkuta ameinamia sinki anatapika, akaniuliza kama mchezo umeshaanza. Kaka, nikambeba mbio hadi hospitali.

Daktari anasema ubongo umetikisika. Wiki tatu asiguse mpira; pigo jingine kabla hajapona linaweza kumharibu kabisa. Tangu hapo akisinzia mchana naenda kumwekea kiganja puani nione kama anapumua. Jana alifumbua jicho moja. "Shangazi, mimi si maiti, hebu niache." Nilicheka, kisha nikaenda jikoni nikalia.

Sasa fainali ni Jumamosi hii. Mdakaji wa akiba ameteguka kidole. Wazazi wa wenzake wanakuja hapa wawili wawili na maneno matamu, na Chura mwenyewe hanipi nafasi. "Kichwa hakiumi tena, Shangazi, kweli vile." Nitajuaje? Mimi ndiye niliyemfundisha kusema hivyo.

Naogopa, kaka, na ninayemwogopa kuliko wote ni mimi. Kombe hilo nalitamani mwaka wa kumi na moja huu. Leo asubuhi nilijikuta nikinong'ona peke yangu, labda vipindi viwili tu, vya mwanzo.

Ruhusa yake ya kucheza ina sahihi yako. Dereva wa lori anayekuletea barua hii atageuza kesho kutwa. Mpe karatasi inayosema umeifuta ruhusa hiyo, na aipeleke kwa katibu wa klabu. Asinipe mimi. Ikifika mikononi mwangu, naogopa nitaifungua Jumapili.

Nisalimie Wifi, mpole wetu, na mama, ila mama usimweleze mpaka mtoto apone. Mungu awafunike nyote, na amlinde huyu wetu hata dhidi ya wanaompenda.

Wako akupendaye na anayetetemeka,
Dada yako mdogo.