Pancha ya Njia ya Tabaka

Mjukuu wangu Kemunto,

Hapa Nyacheki tunaamka salama. Nyanya yako bado analalamikia goti, na mvua imekataa kuacha, kwa hivyo majani chai hayajachumwa.

Uliniuliza kwa simu mbona sikulia tulipomzika ndugu yangu Ombati. Sikukujibu kwa sababu watu walikuwa karibu.

Tukiwa vijana tulikuwa tunapeleka ndizi Tabaka kwa baiskeli moja, kuwauzia wachonga mawe. Siku moja tukapata pancha mlimani. Nilikuwa na haraka. Nikapaka gundi, nikabandika kiraka, nikajaza upepo. Hatukufika mbali, tairi likaisha upepo tena. Ombati akapitisha vidole ndani ya tairi polepole, akatoa mwiba. Akaniambia, "Uliziba tundu, mwiba ukauacha humu." Tulicheka hadi ndizi zikaanguka.

Miaka ikapita, tukakosana juu ya mpaka wa shamba. Wazee wa kanisa wakatupatanisha, tukashikana mikono. Tangu hapo tulisalimiana kila Sabato, lakini hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake ni neno gani lililomuuma.

Siku ya mazishi nilisimama kando ya jeneza, mkono mfukoni. Vidole vyangu vilikuwa vinapapasa kitambaa cha mfuko huku na huku, kana kwamba vinatafuta kitu. Machozi hayakuja.

Nimesikia wewe na dada yako mmeanza kusalimiana tena. Muulize kilichomuuma.

Babu yako