Liondoe Lile Pazia

Shoga yangu wa moyoni,

Salamu nyingi kwako na kwa mwanao. Natumaini kikohozi chake kimepungua, na wewe siku hizi unakula, hudonoi kama kuku. Mimi ni mzima wa mwili tu. Usishangae kupata karatasi. Simu naiogopa.

Kazi yangu unaijua: nawahoji watu kuhusu mitandao ya kijamii, wanaficha nini na wanamwachia nani aone. Mara nyingi tunacheka. Kinyozi mmoja ana kurasa mbili, ya wakwe na ya kujinafasi, na siku moja akakosea ukurasa. Wengi huapa hawana cha kuficha, lakini ukiwaomba waiweke simu mezani wanaikumbatia.

Jana alikuja mwanamume mpole, anayecheka kabla ya kusema. Nilimuuliza anaogopa kuonwa na nani. Akasema yeye haogopi kuonekana, yeye ndiye mtazamaji. Akaeleza kwamba mkewe alimtoroka na mtoto, akafunga kurasa zake zote, lakini marafiki hawafungiki. Akanionyesha picha: mtoto dirishani, nyuma yake pazia la njano lenye kiraka cha bluu. Akaniuliza, taratibu, nadhani dirisha hilo liko mtaa gani.

Kiraka kile nilikishona mimi. Na picha ile, shoga yangu, niliiweka mimi, siku mwanao alipong'oka jino, kwenye ule ukurasa wangu usio na jina langu halisi wala sura yangu. Nilidhani tuko sisi kwa sisi. Kweli mganga hajigangi. Nisamehe.

Nilimjibu sijui. Akashukuru, akainuka, na alipofika mlangoni akaniaga kwa kuniita Binti Sindano. Jina hilo lipo kwenye ukurasa ule tu.

Leo tangu asubuhi amekaa ng'ambo ya barabara, anatazama mlango wa ofisi yetu. Naogopa hata kwenda dirishani. Lakini nimeelewa: nyumba yako haijui. Alinionyesha picha ili nishtuke nikukimbilie, naye anifuate. Miguu inaniwasha kuja, ila siji. Barua hii anakuletea shangazi yangu, nimemtoa kwa mlango wa nyuma. Ondokeni naye leo hii, mkalale kwake. Pazia liondoe.

Mbusu mwanao, mwambie jino jipya nitakuja kuliona mambo yakitulia. Na ukiniona njiani, shoga yangu, nipite kama hunijui.

Ni mimi, mshona kiraka wako.